Kawaida ya Melkiori

Jumamosi ya tarehe saba Aprili, mwaka 1956, saa tatu asubuhi, waliokuwapo katika banda la vipimo, kwenye mwinuko wa Lumemo nje kidogo ya Ifakara, walikuwa hawa: Mwalimu Sebastiani, msomaji wa kwanza, Serafina, msomaji wa pili, Dionisi, mtunza kipimajoto na kipimahewa, Sista Aurelia, muuguzi aliyekabidhiwa radiamu ya wagonjwa, na Balbina, mke wa Mwalimu, mgonjwa. Hakuwapo Dakta Amrein, mkuu wa kazi. Alisafiri kwenda Dar es Salaam katika wiki ya pili ya Kwaresima, na aliporudi mafuriko yakamzuia Kidatu.

Mwalimu Sebastiani aliandika majina hayo kwa wino mweusi, akapiga mstari chini yake kwa rula, akasubiri wino ukauke kabla ya kuinua kichwa. Jambo la kuamuliwa lilikuwa moja tu: daftari la pili lipokewe au likataliwe? Aliyekuwa akilingojea jibu alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kitambaa cheupe kimezungushwa chini ya kidevu na kufungwa utosini, na alikuwa mke wake.

Banda lile lilikuwa ghala la pamba kabla Dakta hajalikodi. Ndani yake palikuwa na meza ya zege, na juu ya meza sanduku la shaba lenye ukubwa wa mkebe wa biskuti. Ndani ya sanduku ulining'inia uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Uzi ulipopewa umeme ulisimama mbali na ukuta wake. Radiamu, iliyokaa katika chungu kando ya sanduku, ilipofunuliwa, uzi ulianza kurudi polepole. Msomaji aliuona kupitia lenzi, ukitambaa juu ya mistari midogo, na ulipougusa mstari wa sitini alibonyeza saa yake. Ndiyo kazi yote. Mara arobaini kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, tangu Januari.

Maana yake Mwalimu aliieleza vizuri kuliko Dakta mwenyewe, kwa kuwa alizoea darasa la tano. Miali ya radiamu, alisema, ikipita hewani huivunja hewa kuwa vipande vyenye umeme, viwili viwili, na umeme huo ndio unaoushusha uzi. Ili kujua mgonjwa amepokea nguvu kiasi gani, lazima kwanza ijulikane hewa inatumia nguvu kiasi gani kutoa jozi moja ya vipande hivyo. Vitabu vya zamani vilisema thelathini na mbili na nusu, kwa kipimo cha wataalamu. Maabara mpya za Ulaya zilisema karibu thelathini na nne. Lakini hewa ya huko ilikuwa kavu na baridi, na hewa ya bonde la Kilombero wakati wa masika ungeweza kuikamua kama nguo. Sanduku lilikuja na cheti cha hewa kavu. Wao walitakiwa kuona hewa ya kwao inaliongezea au kulipunguzia nini.

"Na hiyo tofauti ndogo ina faida gani?" Balbina alimwuliza siku ya kwanza, wakati ule uvimbe wa taya lake ungali kama punje ya mahindi.

"Saa saba," alijibu wakati huo, bila kujua atakayekuja kuzihitaji.

Kwa nambari ya zamani, sindano za radiamu zilikaa katika nyama ya mgonjwa siku saba kamili, yaani saa mia moja na sitini na nane. Kwa nambari mpya zilikaa saa mia moja na sitini na moja. Jirani yao Apolonia alitibiwa mbali mwaka uliotangulia, kwa nambari ya zamani kama ilivyokuwa ikitumika kila mahali. Uvimbe wake ulikauka, lakini shavu nalo lilikauka, likatoboka, na sasa alikunywa uji akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja na kushika kitambaa. Balbina alikwenda kumsalimu kila Jumapili baada ya misa.

Sanduku lilikuwa na lenzi mbili, moja kila upande, na katikati ya meza palisimamishwa ubao ili msomaji mmoja asimwone mwenzake. Hawakuruhusiwa kusemezana. Kila mmoja alikuwa na saa yake na daftari lake, na madaftari hayakufunuliwa pamoja mpaka Jumamosi. Sheria ya Dakta iliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: madaftari mawili, ya wasomaji wawili ambao kawaida zao zinajulikana. Yakilingana mpaka sehemu mbili katika elfu, nambari mpya itumike. Yakipishana zaidi ya hapo, ibaki ya zamani.

Neno hilo, kawaida, ndilo lililoleta mkutano. Dakta alifundisha kwamba kila msomaji ana kawaida yake. Mmoja huwahi, mwingine huchelewa, na hilo si kosa. Ni kama mwendo wa mtu, ambao jirani huutambua kabla hajaona sura. Aliipima kwa timazi iliyobembea mbele ya alama, huku mtambo ukiandika wakati wa kweli. Mwalimu Sebastiani alichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, maana hakupenda kusema kitu kimetokea kabla ya kuhakikisha. Melkiori, msomaji wa pili wa wakati huo, aliwahi sehemu tatu za kumi.

Huyu Melkiori alikuwa mtu wa kivuko. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye pantoni inayovusha watu kwenda upande wa Mahenge, na kazi yake ilikuwa kutoa sauti kamba irushwe. Ukisema pantoni ikiwa imekwisha gusa ukingo, umechelewa, mkondo umekwisha kuichukua. Basi alizoea kusema "Sasa!" kabla kidogo, na hakuweza kuiacha desturi hiyo hata mbele ya uzi wa kioo. Dakta alimkataza kusema. Aliacha kutoa sauti, lakini midomo iliendelea, na Mwalimu, nyuma ya ubao, aliisikia pumzi ya neno hilo mara arobaini kwa siku: sasa. Halafu saa ya mwenzake ikalia tik. Halafu, baada ya sehemu nne za kumi za sekunde, ikalia yake. Jumamosi waliondoa kawaida ya kila mmoja, na madaftari yakalingana kama kurasa mbili zilizonakiliwa.

Melkiori alifariki Alhamisi tarehe nane Machi, kwa homa ya siku tatu. Aliyemuuguza alikuwa Serafina, binti wa dada yake, msichana wa miaka ishirini aliyemaliza darasa la nane kwa masista na kurudi nyumbani na mwandiko mzuri.

Msibani Dionisi alifanya kazi yake. Alikuwa Mngoni, mtani wa marehemu, na hakuna aliyetegemea akae kimya. Alijilaza kwenye mkeka uliotandikwa pale maiti ilipolala, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, kisha akainuka ghafla na kupiga kelele, "Sasa! Rusha kamba, wewe! Mbinguni hapa, tunapita!" Watu walicheka mpaka wakalia upya. Serafina peke yake hakucheka. Alimsogelea Dionisi alipokuwa akijifuta vumbi, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesahihisha hesabu:

"Umechelewa kidogo, kaka. Mjomba huwahi zaidi ya hapo."

Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walimkalisha Serafina kwenye kigoda cha marehemu, wakamvika kofia yake, na watoto wote wakapita mbele yake mmoja mmoja wakisema, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia marahaba. Ndivyo ukoo ule ulivyofanya tangu zamani, ili jina lisilale chini. Kisha mzee mmoja akamtamkia kwamba kazi zote ambazo Melkiori hakuzimaliza ni zake.

Mwalimu Sebastiani alikuwapo, na hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amekwisha kumfikiria mwalimu mwenzake wa kumweka kwenye kiti cha pili. Lakini angewezaje kuwaambia wenye msiba kwamba kazi ile haihusiani na kigoda? Ingekuwa kama kumnyang'anya marehemu kitu mkononi. Zaidi ya hayo, Serafina alijua kusoma na kuandika desimali. Akamkubali, na kwa kupenda utaratibu akampima kwanza kwenye timazi, mara mia moja. Alichelewa sehemu mbili za kumi. Mtu mwangalifu, Mwalimu alijisemea, mwangalifu kuliko mimi. Akaiandika kawaida hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Kwa hesabu hiyo, saa ya Serafina ilipaswa kulia baada ya ile ya Mwalimu. Jumatatu tarehe kumi na tisa Machi alikaa kwenye kiti cha pili kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mwalimu alifunua radiamu, akaweka jicho kwenye lenzi, akaufuata uzi: hamsini, hamsini na tano, hamsini na tisa. Kutoka nyuma ya ubao ikaja pumzi. Sasa. Halafu tik. Na kidole chake mwenyewe kilikuwa bado hakijashuka.

Alifikiri ni uoga wa siku ya kwanza. Jumamosi alifunua madaftari mawili na kutoa moja kutoka kwa jingine, mstari kwa mstari, na kila mstari ulimpa jibu lilelile: sehemu nne za kumi. Akaiweka kalamu chini. Jumamosi iliyofuata, mkesha wa Pasaka, jibu lilikuwa hilohilo, mistari mia mbili. Akimpa Serafina kawaida yake mwenyewe, ile ya timazi, madaftari yalipishana kwa sehemu kumi na sita katika elfu, na nambari ya zamani ingebaki. Akimpa kawaida ya Melkiori, yalilingana.

Wakati huo uvimbe wa Balbina ulikuwa umefika ukubwa wa kokwa la embe, na radiamu ya wagonjwa ilikuwa imekwisha wasili katika sanduku lake la risasi.

Hakumwambia mtu. Jumatano ya wiki ya Pasaka alimsubiri Serafina mlangoni baada ya kazi. Chini ya mwinuko bonde lilikuwa maji matupu mpaka miguuni mwa milima ya Udzungwa, na juu ya kichuguu kimoja swala wawili wa aina ya sheshe walisimama wamegusana mbavu, hawana pa kwenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nina neno. Unajua kwamba kusema ukiwa kwenye lenzi hakuruhusiwi."

"Mimi sisemi, Mwalimu."

"Unanong'ona. Unasema 'sasa'."

Serafina alitoa leso mfukoni, akaifunua. Katikati yake palikuwa na alama za meno, duara mbili zilizokolea.

"Tangu juzi ninaing'ata hii nikisoma," alisema. "Nilidhani ni wewe unayenong'ona. Niliona haya kukuuliza, kwa kuwa wewe ni mkubwa."

Msichana akaikunja leso katika pembe nne.

"Usiku ule mjomba alipokuwa akikata roho nilikuwa nimemshika mkono," aliendelea. "Alisema 'sasa'. Nikafikiri amekwisha kwenda. Lakini pumzi yake ilitoka mara moja tena, baadaye kidogo. Ndipo akaenda. Hata hapo aliwahi."

Ijumaa Sista Aurelia alipanda mwinuko akiwa amevua viatu, matope mpaka magotini, akaleta barua ya Dakta iliyotoka Kidatu kwa mtu wa miguu, kupitia Mang'ula. Barua ilikuwa fupi. Radiamu ilitakiwa kurudi Dar es Salaam mwisho wa mwezi, kwa hiyo mgonjwa aingie Jumatatu. Mwalimu Sebastiani aamue kwa sheria iliyoko ukutani, na uamuzi wake Dakta angeuheshimu.

Jioni hiyo, mezani, Mwalimu alimweleza mke wake kila kitu tangu mwanzo. Balbina alisikiliza akilowesha kipande cha mkate katika chai.

"Melkiori?" alisema. "Yule hakuwahi kungoja kitu duniani. Kwenye harusi yetu alikula kabla padri hajamaliza kubariki. Alisema baraka itamkuta njiani."

"Balbina, sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Taya hili si la mzaha." Alimeza kwa shida. "Wewe unaogopa nini? Unaogopa mzimu?"

Alifikiri kabla ya kujibu, kama alivyowataka wanafunzi wake wafanye. "Naogopa kwamba nataka iwe kweli. Wiki tatu nimeona jambo lisilo la kawaida na sikuuliza, kwa sababu lilinipa jibu ninalolitaka. Mtoto wa shule akifanya hivyo namchapa."

"Basi uliza," alisema Balbina. "Uliza mbele yangu. Nitakuja."

Ndiyo sababu alikuwa amekaa kwenye benchi asubuhi ile ya Jumamosi, mvua ikipiga bati, wakati mume wake alipomaliza kuwaeleza wengine. Alipotaja mnong'ono, Sista Aurelia aligusa msalaba wake. Dionisi aligeuza kofia mikononi mara mbili.

"Mwalimu, samahani," alisema Dionisi. "Daftari hili likikubaliwa, shemeji anaepushwa na saa saba za kuungua. Likikataliwa, anaziungua. Na anayehukumu ni mwenye mke. Hili ni baraza gani?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe mwenye mdomo."

"Afadhali ungeita mwenye akili," alisema Balbina kutoka nyuma ya kitambaa chake, na Dionisi akainama kama aliyepokea zawadi.

Mwalimu alipanga jaribio. Yeye angesoma kwenye lenzi yake kama siku zote. Lenzi ya Serafina alitaka ifunikwe. Alichukua kifuniko cha shaba, akakiskurubu mwenyewe, akamwomba Sista atazame kama mwanga unapita. Haukupita. Saa zote mbili zingewekwa mezani zikiwa zimelazwa kifudifudi, na Sista peke yake ndiye angezigeuza na kuandika.

"Sasa nitasoma nini, Mwalimu?" aliuliza Serafina.

"Hutasoma kitu. Weka kidole kwenye kitufe, ubonyeze utakapojisikia."

"Na mdomo?" alisema Dionisi. "Mjaze maji mdomoni. Mwenye maji mdomoni hawezi kunong'ona."

Serafina alikunywa funda moja la maji kutoka kwenye kata, akavimbisha mashavu, akakaa. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyechoka kubeba mzigo na ameambiwa bado hatua chache.

Mwalimu alifunua radiamu. Uzi ulianza kurudi. Kwa mara ya kwanza tangu Januari hakuna pumzi iliyotoka nyuma ya ubao. Hamsini na nane, hamsini na tisa. Tik. Akabonyeza yake. Sista akageuza saa.

"Ya Mwalimu, thelathini na moja nukta tano," alisoma. "Ya Serafina, thelathini na moja nukta moja."

Walifanya mara kumi. Mara kumi sehemu nne za kumi.

"Anahesabu," alisema Dionisi, lakini sauti yake haikuwa ya utani tena. "Tumesikia thelathini na moja hiyo kila siku, kila wakati. Hata mimi naweza kuihesabu nikiwa usingizini."

Hoja ilikuwa nzuri, na Mwalimu aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Alimpa Dionisi koleo refu, akamwambia akisogeze chungu cha radiamu popote anapotaka, mbele au nyuma, bila kumwambia mtu. Serafina alikuwa nyuma ya ubao, lenzi imefungwa kwa shaba, mashavu yamejaa maji. Hata Mwalimu hakujua uzi ungechukua muda gani.

"Ya Mwalimu, ishirini na sita nukta mbili. Ya Serafina, ishirini na tano nukta nane."

Dionisi akasogeza tena.

"Arobaini na tatu nukta saba. Arobaini na tatu nukta tatu."

"Thelathini na saba kamili. Thelathini na sita nukta sita."

Mvua ilikoma katikati ya jaribio, ghafla, na baada ya hapo ikawa vigumu zaidi, maana sasa mlio wa kila saa ulisikika mpaka kwenye kuta. Majaribio ishirini yalipotimia, Dionisi aliweka koleo chini, akaenda kwenye kipimajoto chake, akakitazama kwa makini.

"Ishirini na saba," alisema. "Haijabadilika. Nilidhani itashuka." Kisha, bila kumgeukia mtu, akasema kwa upole, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa: "Melkiori, ndugu yangu. Waliokufa hupumzika. Wewe hata kupumzika kumekushinda?"

Hakuna aliyecheka. Serafina alisimama, akaenda mlangoni, akatema maji nje. Aliporudi alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Mwalimu," alisema, "mimi sikubonyeza. Hata mara moja."

"Nilikuwa nikikitazama kidole chako, binti," alisema Sista Aurelia. "Kilishuka kila mara."

"Kilishuka, Sista. Sikukishusha mimi. Kilibonyezwa, kama mwalimu anavyomshika mtoto mkono kumfundisha kuandika." Akamgeukia Mwalimu Sebastiani, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Si mkali. Hanionei. Lakini sitaki kukaa tena pale."

Mwalimu alimwambia aende akae karibu na Balbina. Balbina alimshika mkono ule wa kulia, akauweka mapajani mwake na kuufunika kwa khanga.

Ikabaki hesabu. Mwalimu alichukua penseli, akaitazama, akampa Sista. "Fanya wewe," alisema. "Mimi ni mwenye mke, kama alivyosema Dionisi. Kwanza kwa kawaida ya Serafina. Kisha kwa kawaida ya Melkiori. Mistari yote mia sita ya wiki tatu."

Ilichukua muda mrefu. Sista aliandika tarakimu ndogondogo, akijumlisha kwa midomo. Mwalimu alisimama dirishani na mikono nyuma. Aliyafikiria mambo kwa zamu, kama alivyozoea. Aliyesoma si Serafina. Hilo lilithibitika mbele ya watu watano. Kuliita daftari la Serafina kungekuwa uongo, na kulisahihisha kwa kawaida ya Serafina kungekuwa uongo wa pili. Aliyesoma hakutumia lenzi. Lakini alikuwa ameujua uzi ulipo kila mara, ukienda haraka au polepole, na alikuwa amewahi kwa kiasi kimoja tu kisichobadilika. Miaka kumi na miwili Mwalimu aliwaambia watoto kwamba mizani inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku inaweza kutumika, mradi ukijue kiasi hicho. Ile inayobadilika ndiyo ya kutupa. Je, aliwahi kuwaambia kwamba mizani lazima iwe ya aina fulani? Je, karatasi ya ukutani ilisema hivyo? Aliisoma tena mahali aliposimama. Ilisema wasomaji wawili ambao kawaida zao zinajulikana.

Na bado alikuwa anataka iwe hivyo. Alilitazama hilo pia, bila kulifunika. Kama mke wake angekuwa mzima na aliyefungwa kitambaa angekuwa mtu asiyemjua, kutoka Mngeta au Mahenge, angeamua nini? Alimweka mtu huyo kwenye benchi, akampa sura, akampa taya lililovimba. Akasubiri. Jibu halikubadilika, na ndipo mabega yake yaliposhuka.

"Nimemaliza," alisema Sista Aurelia. "Kwa kawaida ya Serafina, yanapishana kwa sehemu kumi na sita katika elfu. Kwa kawaida ya marehemu, sehemu moja katika elfu." Aliiweka penseli sambamba na ukingo wa karatasi. "Ukilipokea, utaandika jina la nani hapo juu?"

Mwalimu Sebastiani alirudi mezani lakini hakuketi. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine: Dionisi aliyeshika kofia kifuani, Sista, Serafina aliyeinamisha kichwa, na mwisho mke wake, ambaye hakukwepesha macho.

"Nisikilizeni," alisema. "Nimeamua hivi. Daftari la pili limepokewa, na litasahihishwa kwa sehemu tatu za kumi. Mstari wa jina utabaki mtupu. Chini yake nitaandika jaribio la leo lote, kama lilivyofanyika, na kila mmoja wenu atatia sahihi kwa alichokiona, si kwa anachokiamini. Dakta akikataa, atanikataa mimi. Serafina hatasoma tena, na hakuna atakayewekwa kwenye kiti chake mpaka kazi hii ifungwe. Nambari mpya itumike. Sista, Balbina ataingia Jumatatu saa moja asubuhi, na sindano zitatolewa Jumapili saa sita usiku. Zisikae mpaka asubuhi ya Jumatatu."